Kabla ya Kununua Pampu, Liulize Lori Kwanza

Wasomaji wangu, leo naomba mnivumilie. Mmezoea kunisoma nikiandika juu ya programu, seva na hazina data. Leo nitaandika juu ya lori. Lakini mtaona kwamba si mbali sana na yale ya kila siku, na nina maoni ambayo pengine yatawaudhi baadhi yenu, hasa wale mnaolipa mafundi na wale mnaojiita mafundi wa kompyuta kama mimi.

Mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu jioni moja. Yeye anaishi Njabini, kule Kinangop, na ana lori la dizeli la zamani, lile la injini isiyo na kompyuta hata moja. Lori hilo hubeba kabeji na viazi kutoka mashambani hadi soko la Wakulima, Nairobi. Limelipa karo ya watoto wake wote na, niseme ukweli, lilinilipia mimi pia muhula mmoja wa chuo. Kwa hiyo mjomba akisema lori ni gonjwa, mimi husikiliza.

"Mpwa wangu," akasema, "lori limekataa mlima. Tena gia haziingii. Nimeambiwa pampu imekufa na giaboksi imekwisha. Nataka kuuza mitamba miwili. Wewe unaweza kuniongezea kiasi gani?"

Nilichofanya mara ya kwanza ndicho nisichojivunia. Nilifungua simu nikaangalia salio. Nilikuwa tayari kutuma pesa. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa kompyuta, mambo ya chuma siyajui, na kama fundi amesema pampu imekufa, basi imekufa. Ni baadaye tu, nikioga, swali likanijia: amejuaje?

Nikampigia mjomba tena. "Huyo fundi wa gereji alifanya nini hata akajua?"

"Aliendesha kidogo, akasikiza injini, akatikisa kichwa."

"Alifungua kitu?"

"Hapana. Lakini ni mtu wa miaka mingi."

Basi ndugu zangu, nikamwomba mjomba asiuze ng'ombe mpaka Jumamosi. Nikapanda matatu.

Kabla sijaendelea, nieleze dizeli inavyosafiri katika lori kama lile, kwa sababu bila hilo hamtaona uzuri wa kilichofuata. Dizeli hutoka kwenye tanki ikipitia paipu ndefu kando ya chesisi. Inavutwa na pampu ndogo, ile yenye kifundo ambacho dereva hukisukuma kwa mkono injini ikikataa kuwaka. Pampu hiyo ndogo huisukuma dizeli hadi kwenye filta. Kutoka kwenye filta inaingia pampu kubwa, ambayo huipa shinikizo na kuigawa kwa kila silinda kwa wakati wake. Mwisho kuna noseli, ambazo huirusha ndani ya injini kama ukungu. Njia ni moja, ina mwanzo na mwisho. Wenzangu waandishi wa programu mtatambua mara moja: ni data inayopita hatua moja hadi nyingine. Ikiharibika mwishoni, huwezi kujua imeharibikia wapi mpaka uchungulie katikati.

Na pampu kubwa ndicho kifaa cha bei ghali kuliko vyote katika njia hiyo. Angalia jinsi mambo yalivyo: lori likikosa nguvu, kidole cha kwanza humwelekea mwenye bei ghali.

Rafiki mmoja alinielekeza kwa fundi mwingine katika mji uitwao Engineer, na hilo ndilo jina lake kweli, si mzaha wangu. Mzee mmoja hivi, mpole, mikono myeusi kwa grisi. Alikuja Njabini kwa pikipiki akiwa na mfuko wa spana, mtungi safi wa lita kumi, na vipande viwili vya paipu ya plastiki inayopitisha mwanga. Lori lilikuwa limesimama uani likiwa na mzigo wa kabeji wa siku mbili, majani ya juu yameanza kunyauka. Mwenye kabeji alikuwa amekaa kwenye jiwe, hasemi na mtu.

Yule fundi hakushika spana. Alianza kwa maswali. Asubuhi lori huwaka namna gani? Mjomba akasema ni lazima taniboi asukume ile pampu ya mkono mara nyingi ndipo iwake. Likipanda mlima hutoa moshi wa rangi gani? Mjomba akafikiri. "Halitoi moshi. Linakosa pumzi tu, kisha linarudi, kisha linakosa tena." Mkiegesha, kuna dizeli inayodondoka chini? Hapana, pakavu kabisa.

Nikamwuliza kwa nini anauliza moshi. Akanieleza kwa ufupi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Moshi mweupe injini ikiwa imepata joto ni dizeli isiyoungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini isiyo na nguvu na isiyo na moshi, mara nyingi ni injini yenye njaa: dizeli haifiki. Na lori linalohitaji kusukumiwa kwa mkono kila asubuhi ni lori ambalo dizeli yake hurudi tankini usiku, na dizeli hairudi mpaka hewa ipate mahali pa kuingilia.

"Lakini hakuna kinachovuja," nikasema, nikijiona mjanja.

Akacheka. "Kijana, kati ya tanki na pampu ndogo dizeli inavutwa, haisukumwi. Penye tundu haitoki dizeli, inaingia hewa. Ndiyo maana watu hawaoni."

Hilo moja tu lilinilipa nauli yangu.

Kisha akafanya jambo ambalo nataka kila mwandishi wa programu alisome mara mbili. Alifungua paipu pale inapoingia pampu ndogo, akaunganisha kipande cha ile plastiki inayopitisha mwanga, akawasha injini. Sote tukainama kuangalia. Ndani ya plastiki mapovu yalipita, moja, mawili, halafu msururu. Hewa! Hatukuwa tunabahatisha tena, tulikuwa tunaiona kwa macho.

Lakini hakusimama hapo. Akaujaza ule mtungi dizeli safi, akaufunga kwa kamba nyuma ya kabini mbali na ekzosi, akaitoa paipu ya tanki na kuunganisha plastiki yake kutoka mtungini moja kwa moja hadi pampu ndogo. Paipu ya kurudisha aliiacha iende tankini kama kawaida. Akamwambia mjomba, "Mzee, panda nalo mlima, na mzigo huo huo." Alisisitiza mzigo. Lori tupu lingepanda vizuri na lingetudanganya.

Lori likapanda. Lilipanda kama lilivyokuwa likipanda nilipokuwa mtoto. Yule mwenye kabeji akasimama kutoka kwenye jiwe lake.

Mnaona alichofanya? Aliigawa njia katikati. Kwa jaribio moja la nusu saa alizitakasa pampu ndogo, filta, pampu kubwa na noseli zote. Kosa lilibaki kati ya tanki na paipu ya kuingilia. Sisi tunaotumia Git, ile programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka wa 2005, tuna amri ya kufanya jambo hili hili: ukiwa na mabadiliko 1,000 na moja kati yake limeleta hitilafu, ukiendelea kugawa katikati utalipata kwa majaribio kama 10 tu. Yule mzee hajawahi kuisikia Git. Ana mtungi.

Tundu lilikuwa mahali ambapo paipu ya mpira inapita kwenye chuma cha chesisi. Mpira ulikuwa umesuguliwa kwa miaka mpaka ukapasuka upande wa chini, upande usioonekana. Tulinunua kipande cha mpira wa dizeli na klipu mbili. Bei yake haikufika hata nauli yangu ya kutoka Nairobi.

Haya, na gia je?

Hapo pia aliuliza kwanza. Gia gani hukataa? Ya kwanza na rivasi. Injini ikiwa imezimwa? Mjomba hakuwa amewahi kujaribu. Wakajaribu: injini imezimwa, gia zote zikaingia bila ugomvi, mbele na nyuma. Injini ikawashwa: ya kwanza ikakataa, rivasi ikasaga meno kwa sauti ya kuumiza. Fundi akamwambia mjomba akanyage klachi mara tatu upesi upesi, kisha ajaribu. Gia ikaingia.

Fikirini kidogo. Kama ingekuwa giaboksi yenyewe, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini gia zinaingia vizuri injini ikilala. Gia zinazokataa wakati injini inazunguka tu, na zinazokubali ukikanyaga mara tatu, zinasema jambo moja: klachi haiachi kabisa. Injini bado inaizungusha giaboksi wakati dereva anadhani ameitenga. Na kukanyaga mara tatu kunasaidia kwa sababu kwenye lori hilo klachi husukumwa na fluidi, si waya.

Akafungua kimkebe cha fluidi ya klachi. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kizito. Akachovya kidole, akanusa, akamwangalia taniboi. Kijana wa watu akainamisha kichwa. Miezi michache nyuma fluidi ilikuwa imepungua, duka limefungwa, mzigo unangoja, naye akaongeza oili ya injini. "Si yote ni mafuta tu?" akasema kwa sauti ya chini.

Si yote ni mafuta, jamani. Mipira ya ndani ya mfumo huo imetengenezwa kuishi na fluidi ya breki. Ikikutana na oili ya injini hufura na kulainika, halafu haishiki tena. Ukikanyaga, fluidi hupita kando ya mpira badala ya kusukuma. Kilichonifurahisha, au kilichonitisha, ni kwamba fundi aliacha klachi pale pale akakimbilia kimkebe cha breki. Kilikuwa safi. Akashusha pumzi. Kama yule kijana angekosea mkebe, lori hilo lingekuwa linateremka kuelekea Limuru likiwa limejaa mzigo na breki zinazokufa polepole. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu.

Mfumo wa klachi ulifunguliwa wote, ukasafishwa, mipira ya masta silinda na ya silinda ya chini ikabadilishwa, na paipu ya mpira pia, kisha wakajaza fluidi mpya na kutoa hewa mpaka pedali ikawa ngumu. Giaboksi haikuguswa. Ile giaboksi "iliyokwisha" inafanya kazi hadi leo.

Sasa nije kwenye maoni yangu.

Mtadhani nitasema kwamba fundi wa kwanza ni mwizi. Hapana. Simjui, na sidhani alitaka kumwibia mjomba. Nadhani alifanya kile tunachomlipa afanye. Hebu jiulize: ni lini umewahi kumlipa fundi kwa kutafuta? Sisi tunalipa kubadilisha. Fundi akikupa pampu mpya mkononi, unaona pesa yako ilikoenda. Fundi akitumia saa nne kuangalia na kukuambia "ni mpira huu tu", unaanza kulalamika: "Kwa mpira tu unataka hela zote hizi?" Basi fundi mwenye akili hujifunza upesi. Kutafuta hakulishi watoto. Kubadilisha kunalisha.

Na ndivyo ilivyotokea, tena kwetu. Jioni yule mzee aliposema bei ya kazi yake, mjomba wangu, mtu mwema kabisa, alikunja uso. "Lakini hukubadilisha kitu kikubwa!" Nilimvuta kando. Nikamwambia, mjomba, jana ulikuwa tayari kuuza mitamba miwili kumlipa mtu aliyetikisa kichwa. Huyu amekuachia mitamba yako. Unamlipa kwa nini, kwa uzito wa chuma alichokuletea? Tulibishana pale nyuma ya choo cha kuku kwa dakika kumi. Mwishowe alilipa, lakini hakufurahi.

Kabla hamjamcheka mjomba wangu, nijiseme na mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja mwenye duka la jumla ambaye programu yake ya mauzo ilikuwa inachelewa kila mwisho wa mwezi. Sikuchungulia logi. Sikupima swali lipi linachukua muda. Nilitikisa kichwa, kama yule fundi, nikamwambia anunue seva kubwa zaidi. Akanunua. Ikawa nafuu kwa miezi miwili, kisha ikachelewa tena. Kosa lilikuwa jedwali moja la hazina data lisilokuwa na faharasa, kazi ya mstari mmoja. Mteja alilipia pampu mpya, na mpira wenye tundu ukabaki pale pale. Na mimi nililipwa! Kama ningemwambia "nimekaa siku mbili nikatafuta, nikaandika mstari mmoja", sijui kama angenilipa hata nusu. Hilo halinitoi lawamani, lakini linaeleza ugonjwa.

Kuna watakaosema: hayo ni ya malori ya zamani, siku hizi kuna mashine ya kusoma hitilafu, unaichomeka na inakuambia. Ni kweli kwamba magari mapya ya dizeli yana kompyuta inayotoa namba za hitilafu. Lakini namba haisemi ubadilishe nini. Chukua P0087. Maana yake ni kwamba shinikizo la dizeli kwenye reli ni dogo kuliko inavyotakiwa. Basi. Inaweza kuwa filta iliyoziba, hewa, pampu iliyochoka, noseli inayopitisha, au kihisi kinachosema uongo. Ni kama ujumbe wa kosa kwenye skrini yako: unakuambia mahali mambo yalipoangukia, hausemi yalikwazwa wapi. Mashine bila mtu wa kufikiri inakusaidia kukosea haraka zaidi.

Wengine watasema: mara nyingine pampu huwa imekufa kweli. Sikatai. Pampu kubwa ya lori kama la mjomba hulainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vizuri. Uchanganyaji huo ulikuwa umezidi hapa kwetu hata mwaka wa 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Kwa hiyo pampu hufa. Lakini kama mtungi ungeonyesha kwamba kosa liko upande wa pampu, mjomba angeuza mitamba yake akiwa na amani, akijua anachonunua. Jaribio halikuhakikishii kazi rahisi. Linakuhakikishia kwamba pesa inakwenda mahali pake.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu tu. Kwanza, fundi akikuambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima: tumejuaje? Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha. Pili, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mjaribu kwa mzigo ule ule, na kama hakikusaidia, rudisheni cha zamani. Ukibadilisha vitatu pamoja na lori likapona, hujui ni kipi kilichoponya, na kesho utavinunua vyote vitatu tena. Tatu, na hili ndilo kubwa, kubalianeni bei ya kutafuta kabla kazi haijaanza. Semeni: hizi ni za uchunguzi, utapata hata kama hutauza spea yoyote. Mimi siku hizi ndivyo ninavyofanya na wateja wangu, siku ya kwanza ni ya kutafuta, na ina bei yake kwenye ankara. Wawili wamenikimbia. Waliobaki hawajanunua seva wasiyoihitaji.

Neno moja la tahadhari kwa mtakaotaka kujaribu wenyewe. Paipu kutoka tankini mnaweza kuichunguza, lakini kwenye noseli na paipu za shinikizo msitafute tundu kwa mkono injini ikiwaka. Dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kukugharimu kidole au mkono. Na wekeni mawe magurudumuni kabla ya kuingia chini ya lori.

Kabeji zilifika Nairobi Jumapili alfajiri, zimenyauka kidogo juu lakini ziliuzika. Wiki iliyopita mjomba alinipigia tena. Jirani yake ana trekta linalokataa kuwaka, na ameambiwa pampu imekufa.

"Nimemwambia asubiri," akasema. "Nimempa namba ya yule mzee wa Engineer. Nikamwambia, lakini ujue huyo hulipwa hata kwa kuangalia."

Je, wewe mara ya mwisho ulimlipa nani kwa kutafuta tu? Niandikieni, nitasoma yote.